Salimia Jiwe Kwanza

Vijana wangu wa kupima mto, juzi mlinialika ufukweni kuona mashine yenu mpya, nami nikaja kwa toleka, nimekaa nyuma ya baiskeli kama bibi harusi mwenye magoti mabovu. Kwanza asanteni kwa kiti mlichonipa, na kwa lile liboke, samaki waliochomwa ndani ya majani. Sasa niwagombeze kidogo. Mlinionyesha kwenye skrini sakafu ya mto wetu wa Kongo, nyekundu pale penye maji mafupi, buluu pale penye maji marefu, vilima vya mchanga vimejipanga chini ya maji kimoja baada ya kingine. Mimi niliyezeeka nikiichora sakafu hiyo kwa wino, nukta kwa nukta, machozi yalinilengalenga. Kisha nikauliza, "Mumesalimia jiwe?" Mkatazamana. Yule mwenye miwani akanijibu kwa upole, "Mama Véro, siku hizi ni satelaiti."

Sawa. Satelaiti iko juu, kazi yetu iko chini. Sikutaka kuwaharibia siku, nikamaliza samaki wangu na kurudi nyumbani. Lakini swali lile halijanitoka, ndiyo maana nawaandikia. Nataka mjue salamu hiyo ilitoka wapi, na jinsi kijiji kizima kilivyokaribia kuingia majini kwa sababu mtu mmoja aliupenda ubao kupita kiasi.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Augustin, mkuu wa brigedi yetu ya kupima mto. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na alipenda pilipili kuliko mshahara. Mimi niliajiriwa kama mchoraji: msichana mwenye mkono uliotulia, wa kugeuza namba za kina kuwa ramani. Nilidhani nitakaa mezani, kivulini, na rula yangu. Siku ya kwanza akaniamuru nivue viatu vya kisigino nipande mtumbwi wa injini.

"Papa, mimi niko wa bureau," nikamwambia.

"Bon. Na utachora je kitu haujaonaka?"

Nikavua viatu. Kimoja kilianguka majini, na mpaka leo kiko huko, labda kimeshavuka mji wa Isangi huko chini. Nikawa nakwenda kila safari. Nilijifunza kutupa risasi, yaani kipande kizito cha madini mwishoni mwa kamba yenye alama. Chini ya risasi kulikuwa na kishimo tulichokijaza sabuni ya kienyeji, ile nyeusi inayonata, ili ikigusa sakafu inyanyue punje. Papa Augustin alizitwaa zile punje na kuziweka mdomoni. Alidai kwamba macho hudanganywa na maji, lakini meno hayadanganyiki.

"Tia ku meno, mwanangu. Usiogope. Hii mto ilishakulisha tangu ulizaliwa."

Nikatia. Punje zikikwaruza, ni mchanga, na maji hapo yanakimbia na mzigo wake. Zikiteleza kama uji, ni tope, maana yake maji yamechoka na yanatua mzigo chini. Risasi ikirudi na sabuni safi yenye kovu, umegonga mwamba, mto umefagia mpaka sakafuni. Nilichukia somo hilo wiki nzima, kisha nikalipenda maisha yangu yote. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akilalamika kwamba nakula wali wake kwa meno ya mbele kama mtu anayetafuta ushahidi.

Kwa Papa Augustin, kila kitu chini ya maji kilikuwa cha aina mbili tu: wasafiri na wenyeji. Mchanga ni msafiri. Hata ukiuona umetulia, unatembea, kilima kizima kinajisogeza punje kwa punje kuelekea chini. Mwamba ni mwenyeji. Ile miamba ya maporomoko yetu, ambako familia za wavuvi husimamisha miti yao na kutega vikapu, ni mifupa ya nchi. Kuanzia hapo kwenda chini, nchi imekuwa ikibonyea polepole tangu zamani zisizohesabika, kama godoro chini ya mtu mzito, na mto ukijaza bonde hilo mchanga na tope bila kuchoka. Hayo ndiyo mambo makubwa ya ardhi tuliyokuwa tukiyafuata, ingawa tulikuwa tunayafuata tumevaa kaptula.

Na nyinyi wote mmelelewa. Mkifika kijiji cha watu, mnaanza na nini? Mnamsalimia mwenyeji, ndipo mnasema shida yenu. Papa Augustin alitaka hivyo hivyo majini. Kila sehemu ya mto tuliyoipima ilikuwa na mwamba wake uliozama, ambao kina chake tulikijua. Kabla ya kupima kitu chochote kingine, unakwenda juu ya mwamba huo na kupima. Namba ikilingana na ile ya siku zote, umekaribishwa, endelea na kazi. Isipolingana, usilaumu mwamba, rudi ujikague wewe. Hata tulipopata mashine ya mwangwi, ile iliyochora sakafu kwa kalamu kwenye karatasi, hakuiacha salamu. Alikuwa anavua kofia kabisa. Sisi vijana tulicheka, kisha na sisi tukaanza kuvua kofia.

Msifikiri mashine ilimaliza upumbavu. Mwenzetu mmoja alituletea karatasi yenye kisiwa cha chini ya maji, kizuri, mgongo mviringo, katikati ya njia ya mashua. Tulishaanza kutafuta boya la kuonya manahodha. Tuliporudi siku iliyofuata, kisiwa kimehama. Lilikuwa kundi la samaki! Papa Augustin alinunua wavu siku ile ile.

Safari moja tulipelekwa mbali, hadi mdomoni mwa mto, kuwasaidia watu wanaopima sakafu ya bahari. Mimi mtoto wa mto, niliyekwenda Yanonge na kurudi nikila kwanga, mkate wetu wa muhogo, juu ya mawimbi, bahari ilinilaza siku ya kwanza. Nilitapika mpaka nikaomba msamaha kwa watu nisiowakosea. Siku ya pili nikapata nguvu ya kutazama karatasi ya mashine. Sakafu ilikuwa karibu, karibu, halafu mstari ukadondoka na kutoka nje ya karatasi. Nilidhani mashine imekufa. Fundi wa pale akaniambia hapana, hilo ni korongo, mto wa Kongo haukomi pwani, umejichimbia njia chini ya bahari na unaendelea gizani. Mchanga unaotoka kwenu, alisema, hujikusanya hapa, halafu siku moja huporomoka wote pamoja na kwenda kulala kwenye sakafu ya bahari, mbali sana.

Nilikuwa nimeuchora mchanga ule ukipita mbele ya Kisangani nikidhani naujua, kumbe nilikuwa naujua utotoni mwake tu. Papa Augustin aliniletea chai na kusema, "Umeona? Musafiri anafika." Ndiyo siku niliyojua kwamba sitarudi mezani.

Sasa nije kwa Papa Lituka.

Chini kidogo ya Yanonge, mto unakoelekea, kulikuwa na kisiwa tulichokiita Kisiwa cha Bata, kwa sababu kwenye ramani kilikuwa na mwili mnene, shingo nyembamba, na kichwa kilichotazama mto unakotoka. Kijiji kilikuwa kichwani pale, kwani ndipo mashua ziliposimama na samaki walipouzwa. Papa Lituka alikuwa mvuvi na katekista, mrefu, mwenye mikono mirefu kama kasia. Yeye alikuwa pia mlinzi wa ubao wetu wa maji.

Ubao wa maji mnaujua kwa kuusikia tu, kwa hiyo nieleze. Mto hupanda na kushuka. Ukipima kina leo maji yakiwa makubwa, na mwenzako akipima maji yakiwa madogo, mtagombana bure. Kwa hiyo tunasimamisha ubao mrefu wenye namba ukingoni, na kila asubuhi mlinzi anasoma maji yamefika namba gani. Sisi tukipima, tunapunguza urefu huo wa maji kwenye kina, ili vipimo vyote vizungumze juu ya sakafu moja. Ubao hausogei. Ukisogea, kila kitu kinasogea nao.

Papa Lituka aliutunza ubao ule kuliko mtumbwi wake. Aliusugua ukungu, aliupaka rangi upya namba zilipofifia, aliwafukuza mbuzi waliotaka kujikuna. Mkewe, Mama Ané, mwanamke mdogo wa umbo na mkubwa wa maneno, alikuwa akisema mbele yetu sote, "Ile mbao njo bibi yake ya kwanza. Miye niko wa pili." Naye alitupikia lituma, ndizi za kupondwa, kwa samaki wa moshi kila tulipofika, akituhesabu kwa macho ili asipungukiwe mtu.

Mwaka ule kijiji kilikuwa na shauri kubwa. Walitaka kujenga kanisa la matofali pale kichwani, badala ya lile la miti na matete. Walikuwa wamechoma matofali ng'ambo, bara, kwa jasho la msimu mzima. Papa Lituka alitujia na swali moja: kichwa cha bata kitakaa? Kwani mto ni mto. Tulikuwa tumepima eneo lile mwaka uliotangulia, kwa hiyo jibu lilikuwa rahisi. Tunapima tena, tunalinganisha. Sakafu ikiwa imeinuka mbele ya kijiji, mchanga unajikusanya, jengeni. Ikiwa imeshuka, mto unachimba, kimbieni.

Papa Augustin alikuwa hoi kwa malaria, tukaenda bila yeye. Tulikuwa na profesa kijana wa jiolojia, mtu mwema sana, mwenye miguu iliyoungua jua na madaftari ya kutosha duka. Na salamu ya mwamba? Tuliipima, ndiyo, kama kawaida, namba ikaandikwa. Lakini pale majini hakuna aliyeilinganisha na ile ya siku zote. Aliyekuwa akivua kofia alikuwa kitandani.

Nilichora ramani mpya na kuiweka juu ya ile ya zamani kwenye meza ya kioo yenye taa chini. Sakafu ilikuwa imeinuka. Si mbele ya kijiji tu, bali kila mahali, kwa kiasi kile kile karibu, kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Wengine tulishangilia kwa ajili ya kanisa. Profesa alishangilia kwa ajili ya sayansi. Alikuwa akizunguka meza akisema, "Mama Véro, unaelewa? Hata mwamba umeinuka! Ardhi yenyewe inanyanyuka!" Alisema chini yetu kuna ufa wa zamani ulioamka. Alinishika mikono tukacheza ofisini, nami nikacheza, maana nilimpenda na ilikuwa siku nzuri.

Tukapeleka habari kisiwani. Mama Ané alipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Matofali yakaanza kuvushwa kwa mitumbwi, na msingi ukachimbwa.

Papa Augustin alirudi kazini amekonda, koti linamning'inia. Akaomba kahawa, akaomba pilipili, akaomba ramani. Aliitazama kitambo. Kisha akauliza, "Jiwe linasema nini?"

Profesa akamweleza kwa furaha kuhusu ufa.

"Kumbe jiwe limepanda mukono muzima, mwaka moja," alisema Papa Augustin. "Profesa wangu, na Kisangani yote haijatetemeka? Hata glasi moja haijaanguka ku kabati?"

Profesa aliinamia ramani tena. Niliona uso wake ukipita njia yote, kutoka huzuni ya mtu aliyeporwa zawadi hadi kicheko, na kicheko kilipokuja kilikuwa kikubwa kuliko chetu sote. "Jiwe si unga wa kwanga," alisema akifuta macho, "haliumuki." Halafu akaacha kucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukumbuka matofali. Kama mwamba haukuinuka, basi hata mchanga mbele ya kijiji huenda haukuinuka. Tulitia mafuta kwenye injini na kuondoka saa ile ile.

Papa Lituka alitupokea majini, maji yakimfika magotini, akitabasamu karibu na ubao wake. Ubao ulikuwa umeng'aa. Ila haukuwa mahali pake. Papa Augustin alitembea ukingoni hadi pale ulipokuwa zamani, akakuta shimo kavu la mti.

"Papa Lituka, nani alisogeza eshele, hii mbao?"

"Miye mwenyewe," alijibu, kwa fahari. "Maji ilikauka, mbao ikabaki pekee yake ku mchanga, inaona jua tu. Sasa miye nitawasomea nini? Alors nikaibeba, nikaitia ku maji. Maji ikishuka tena, naifuatisha tena. Haijakosa maji hata siku moja. Muulize Ané."

"Njo vile," alisema Mama Ané. "Anaibeba ku bega kama mutoto."

Mmeelewa? Alikuwa ameupeleka ubao kwenye maji marefu zaidi, na namba zake zikasoma juu wakati mto haukupanda. Sisi tukapunguza kingi mno kwenye kila kina, na ramani ikasema sakafu imeinuka, mwamba na mchanga pamoja. Ule ufa wa profesa ulikuwa bega la Papa Lituka.

Hakuna aliyempigia kelele. Ungeanzia wapi? Papa Augustin alimketisha juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kumweleza taratibu, akichora mchangani kwa kidole. Papa Lituka alielewa upesi, alikuwa mtu wa akili. Nilimwona akielewa. Mikono yake mirefu ililegea mapajani.

"Donc mbele ya kanisa, chini ya maji, iko je?" aliuliza.

Tulirudisha ubao mahali pake, tukaanza na mwamba. Papa Augustin alivua kofia. Mwamba ulijibu namba yake ya siku zote. Kisha tukapima mbele ya kijiji, na ile kalamu ya mashine ilishuka, ikashuka. Mto ulikuwa umechimba handaki chini ya ukingo, kando kabisa ya kichwa cha bata, na shingo ilikuwa ikiliwa kutoka pande zote mbili.

Kuwaambia watu lilikuwa jambo jingine. Mwezi uliopita tulikuja na karatasi tukasema jengeni. Leo tunakuja na karatasi kusema bomoeni? Vijana wa kijiji walituangalia kama wauza dawa za uongo. Mmoja alisema, "Hii ramani yenu ina midomo mbili." Nami niliyeichora nilikuwa nimeishika mkononi. Papa Lituka ndiye aliyesimama mbele ya wote. "Ramani haiko na kosa. Njo miye nilisogeza mbao. Njo miye nilitaka kuzamisha batoto yenu." Niliumia moyo kumsikia, na bado naumia.

Hapo Mama Ané akainuka. Hakumwangalia mumewe, hakutuangalia sisi. Alichukua upondo, ule mti mrefu wanaosukumia mtumbwi penye maji mafupi, akaingia kwenye mtumbwi wake na kuusogeza hadi pale alipozoea kuoshea vyungu. Akausimamisha upondo na kuubonyeza. Ukaenda. Akaubonyeza tena, akainama, ukaenda wote, mpaka kiganja chake, kisha kiwiko, vikaingia majini, naye bado hajagusa kitu. Wanawake ukingoni walishika vichwa. Pale pale, watoto wao walikuwa wakisimama kuoga.

Aliurudisha mtumbwi, akautupa upondo mchangani mbele ya miguu ya mumewe.

"Tunahama," alisema. "Na weye uache kulia, kamata matofali. Mbao ilidanganya, lakini matofali yako ngali mazima."

Matofali yakavushwa tena, safari hii kurudi bara yalikotoka. Brigedi yetu ilivusha pia, profesa bila shati, akibeba kama punda na kuimba nyimbo za kanisa asizozijua maneno. Milango ikang'olewa, mabati yakavuliwa, hata ndizi zikachimbwa na mizizi yake. Papa Augustin aliamuru ubao ule ustaafishwe, akapigilia mpya kwenye nguzo ya zege ambayo hata jitu lisingeibeba. Ule wa zamani alimpa Papa Lituka. Mzee alikataa kuupokea, Mama Ané akaupokea kwa niaba yake.

Maji makubwa yalipokuja, kichwa cha bata kilikwenda. Tulikuwepo. Hakukuwa na kishindo. Michikichi iliinama kidogo, ikasafiri ikiwa imesimama, halafu ikalala. Papa Lituka alitazama kutoka bara, mjukuu wake mchanga kifuani, na aliendelea kutazama hata palipobaki maji matupu. Miaka iliyofuata niliufuata mchanga ule kwenye karatasi zangu, kilima kwa kilima, mpaka fungu jipya likajitokeza upande wa Isangi, na watu wakapanda karanga juu yake. Sasa hivi kijiji kile kiko safarini kuelekea kwenye korongo la bahari. Salamu kwa kiatu changu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia Papa Lituka. Amekula chumvi nyingi, haoni vizuri, lakini anakumbuka madeni yote ya utani. Mama Ané alifariki zamani kidogo. Kanisa la matofali lipo, limepigwa chokaa. Na uani kwake, karibu na mlango wa nyumba, nilikuta ubao wetu wa maji umesimama ardhini, umesuguliwa, namba zimepakwa rangi.

Akanieleza. Siku walipohamia, Mama Ané aliusimamisha pale, akasimama kwa kuuegemea mgongo, akamtaka mumewe achonge alama kwa kisu kwenye ubao, pale kichwa chake kilipofika, "ili ujue nani alikuhamisha." Tangu hapo watoto wote wa ukoo hupimwa hapo. Anayesubiriwa sana ni kitukuu aliyepewa jina lake, Ané mdogo. Kila likizo ya shule msichana huyo anakuja kuuliza kama amemfikia ndoyi wake, yaani mwenye jina lake.

Nikautazama ubao. Mnanijua. Namba za chini hazikuwepo. Zilikuwa ndani ya udongo.

"Papa Lituka," nikamwambia, "hebu usimame hapa. Tusalimie jiwe kwanza."

Alicheka, akajua. Mtu mzima haongezeki, kwa hiyo ndiye mwamba. Alisimama, akanyoosha mgongo wake uliopinda, na hata hivyo ubao ulisoma zaidi ya urefu aliokuwa nao akiwa kijana. "Umri huu, na ungali unakua?" nikamwuliza.

Akanishika mkono, akashusha sauti ili mtoto asisikie. "Véro, Ané alikuwa mufupi, lakini huyu mutoto anakua polepole sana. Miye siko na miaka mingi ya kungojea. Kila mara namusaidia kidogo tu, naididimiza mbao. Ile ya ku mto mulinikataza, na mulikuwa na haki. Hii muniachie."

Kazi yangu yote ilikuwa kutoruhusu jambo hilo. Nilifungua mdomo. Ané mdogo alikuwa ameshatoka ndani mbio, amevua viatu, ameuegemea ubao kwa visigino na kidevu amekishusha, jinsi alivyofunzwa.

"Mama Véro, soma! Nimefika?"

Nikaweka kiganja changu juu ya kichwa chake, sawasawa, kama tunavyofanya. Upana wa kidole ulikuwa umebaki hadi kwenye ile alama ya kisu.

"Bado kidole kimoja," nikamwambia.

Alimgeukia mzee. Papa Lituka alikuwa akiupapasa udongo chini ya ubao kwa ncha ya mguu wake, akipima ugumu wake.

"Mvua inyeshe tu muzuri," alisema, "utafika."

Msichana akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na akaangalia mawingu.